Milimita za Bertilla

Mwaka tisini na tisa niliitwa semina mjini Sumbawanga, siku mbili, chai na maandazi, kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa. Mtaalamu alitoka mbali na karatasi nyingi. Aliyosema yalikuwa kweli, lakini nilijua kwamba nikiwasomea watoto wa shule yangu ya Kasense karatasi zile watasinzia kabla ya ukurasa wa pili. Nilizikunja, nikarudi shuleni, nikaliambia darasa la sita lilete makopo.

Tulitengeneza kipima upepo kwa vikombe vya plastiki na spoki za baiskeli. Kilizunguka wiki moja, kisha mbuzi wa jirani akala kamba zake. Kilichodumu ni kipima mvua: kopo la maziwa ya unga, lililonyooka toka chini hadi juu, tukalifukia nusu katikati ya uwanja. Kila asubuhi mtoto anachovya rula, anaandika milimita ngapi kwenye daftari, anajumlisha kwenye ubao tulioutundika ukuta wa barabarani, kisha anamwaga maji. Kazi hiyo nilimpa Bertilla, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na haogopi umande. Jumamosi na Jumapili, anapokwenda sokoni na mama yake, nafasi yake ilishikwa na Minza, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia karibu na shule.

Wazazi walitaka kujua jambo moja tu: tupande lini? Zamani mvua ya Novemba ikianza imeanza. Sasa inaanza, inakatika, inarudi inapojisikia. Nikawatuma watoto wakaseme nyumbani: msipande mahindi mpaka ubao ufike hamsini. Hamsini hiyo niliitoa semina. Wanaume walipoanza kusimamisha baiskeli kuusoma ubao nilifurahi, sikatai. Si kila siku mwalimu anasikilizwa na watu wazima.

Adolfu, baba yake Bertilla, alikuwa na mfuko mmoja wa mbegu. Chama cha ushirika kilichokuwa kikileta mbegu kilikuwa kimebaki jengo, na dukani unanunua au unaacha. Aliuza maksai wake kuupata mfuko ule. Tangu Machi alikuwa amekwisha fukia majani kwenye matuta yake ya mviringo, kama Wafipa walivyofanya siku zote, yakaoza vizuri. Aliniambia mwenyewe, akiwa ameshika baiskeli mbele ya ubao: "Mwalimu, mfuko ule ukipotea sina mwingine."

Tarehe ishirini na tisa Novemba ubao ulisoma hamsini na moja. Adolfu alipanda siku hiyohiyo. Wengine walisitasita. Mahindi yakaota, yakatoa majani mawili, halafu jua likakaa wiki tatu bila wingu. Yalikauka yote, hadi unayavunja kwa vidole.

Shule ilikuwa imefungwa. Nilichukua daftari la mvua nyumbani nikalipitia, maana nilitaka kuona semina ilikosea wapi. Nikaona kitu cha ajabu: mvua za Jumamosi na Jumapili zilikuwa ndogo kuliko za siku za shule, wiki baada ya wiki. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na sijawahi kuona mvua inayopenda masomo. Nikamwita Bertilla.

"Ulikuwa unasomaje?"

"Kwenye rula, mwalimu. Halafu naweka nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mwanafunzi. "Si kipimo kikikatwa ni uchoyo, mwalimu? Mama akishajaza kopo la maharage lazima aongeze konzi. Na hii mvua katoa Mungu. Ningemwandikia pungufu?"

Mvua ndogo aliiongezea moja, kubwa mbili. Haba na haba hujaza kibaba, tunawafundisha wenyewe. Nikampa daftari aondoe nyongeza zote kwa mkono wake. Ikabaki thelathini na tano. Hapo ndipo alipoelewa.

Nilikasirika. Kwanza niliona ni yeye, baadaye nikaona ni mimi. Nilimfundisha kuchovya rula, sikumwambia kwamba rula haina ukarimu. Mtoto ameona vipimo sokoni tangu akiwa mgongoni, na kule muuzaji asiyeongeza hasalimiwi.

Sasa nilikuwa na njia mbili. Nikisema kosa ni la mtoto, ubao unapona na yeye anachapwa. Nikisema kopo lilikuwa bovu, mtoto anapona, ila hakuna atakayeutazama ubao ule tena, na hali ya hewa tutarudi kuisoma kwenye karatasi. Nilikaa na hilo siku mbili. Nikaamua kopo life.

Nilimkuta Adolfu uani akichonga mpini wa jembe. Mkewe, Salome, akaniletea kigoda.

"Karibu, mwalimu."

"Starehe. Nimekuja kwa ajili ya ubao. Kopo lile lilikuwa bovu, halikupima sawa. Kosa ni langu."

Bertilla alikuwa pembeni akipeta ulezi. Akauweka ungo chini.

"Siyo kopo, baba. Ni mimi. Nilikuwa naiongezea mvua."

Ilibidi aeleze mara mbili. Alipofika kwenye konzi ya maharage, Salome aliziba mdomo kwa pindo la kanga, maana alijua mtoto kayatoa wapi. Mimi nilisogeza kigoda ili niwe katikati yao, endapo baba atanyanyuka.

Hakunyanyuka. Alisema nami bila kuacha kuutazama mpini. "Mwalimu, unadhani mimi nilipanda kwa ajili ya kopo? Wenzangu walinicheka, wakasema hizo ni hesabu za shule. Nikawaambia, ule ni mwandiko wa mwanangu."

Bertilla alianza kulia akiwa amesimama palepale. Adolfu alimwacha alie mpaka akapungua, kisha akamwuliza kwa upole ulioniumiza kuliko kelele:

"Ya kweli ilikuwa ngapi, mama?"

"Thelathini na tano, baba."

Akatikisa kichwa taratibu, akageukia upande wa matuta yake.

"Ningengoja," alisema.