Mwendo wa Kila Siku

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, ukutani juu ya birika la chai, kwa sababu postamasta alijua hapo kila mtu lazima apite. Lilisema kuanzia siku hiyo wapeleka barua wa kituo watafanya kazi masaa matano badala ya manane. Mshahara utafuata masaa. Njia zitabaki zilezile, nyumba zilezile, vilima vilevile. Uamuzi huo, lilisema, umetokana na vipimo. Chini kulikuwa na sahihi ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, na hao ni watu waliomaliza ujana wao wakisoma miandiko ya kila aina ya mwendawazimu.

Mama Goti alilisoma mara mbili, kikombe mkononi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao pale kituoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya kupanda ngazi za watu, na goti lake la kushoto siku hizi lilisikika kabla mwenyewe hajaingia.

"Masaa matano," alisema. "Mimi baada ya masaa matano bado nagonga milango ya ghorofa ya tatu. Vipimo gani hivi? Nani kapimwa hapa?"

Wenzake wanne walioizunguka meza ya kupangia barua wakatazamana, wakatikisa vichwa. Wa tano, ambaye wote walimwita Mshale kwa jinsi alivyotembea, alikuwa ameinama. Aliitoa barua moja kwenye kijisanduku cha mtaa wake, akaitazama, akairudisha kulekule. Alifanya hivyo mara nne.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mshale mwingine.

Huyu alikuwa Mshale wa Alhamisi moja ya miezi miwili nyuma. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, nywele zimenyolewa jana yake, mkoba begani umejaa barua za Alhamisi hiyo. "Jamani, mmeamkaje," akasema, akaitupia jicho saa ya ukutani, akatoka kwa mlango wa mbele kwa mwendo ambao hata mbwa wa jirani aliinuka akampisha.

Hakuna aliyepiga kelele. Walimtazama aliyetoka, wakamtazama aliyeinama, wakalitazama tangazo. Hesabu haikuwa ngumu.

"Mgema akisifiwa," alisema mmoja wao, na hakuona haja ya kumalizia.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Goti.

"Walinipima siku moja tu, dada."

"Na wewe ukawaambia kwamba ni siku moja?"

Mshale aliitoa tena ile barua kijisandukuni. Masikio yalimwaka moto.

Ukweli usemwe, hakuna aliyemlazimisha. Alhamisi hiyo alikuja bwana mmoja mwenye saa ya kupimia na ubao wa kuandikia, akasema anataka kuona kazi inavyofanyika. Mtu mwingine angetembea kama anavyotembea. Mshale alikuwa amepata habari siku moja kabla, akaenda kunyoa. Siku yenyewe hakunywa maji, asije akahitaji kusimama njiani. Hakumsalimia mtu. Barua za rejista, zile ambazo lazima mwenyewe asaini, aliwasainisha watu mlangoni wakiwa na sabuni usoni. Kilima cha tangi la maji alikipanda mbio. Nyumba ya kumi na tano anakaa mzee mmoja asiyeona, ambaye hupata barua za dada yake, na kwa miaka mingi Mshale amekuwa akiketi kizingitini na kumsomea. Siku hiyo aliisukuma barua chini ya mlango, akapita. Njia ya masaa saba na nusu aliimaliza kwa masaa manne na dakika ishirini. Yule bwana, hoi bin taabani, alijishika kiuno akasema, "Wewe si mtu, ni mashine. Huu ndio mwendo wako?"

"Kila siku," Mshale akasema.

Basi yule wa Alhamisi akawa anakuja kila siku. Saa moja kamili aliingia na shati lake la pasi, akawaamkia, akatoka. Watu wa njia ile wakawa wanapokea tena barua za Alhamisi, bili zilezile, kadi ileile ya harusi iliyokwisha kufungwa. Waliziweka pembeni wakamsubiri Mshale mwingine apite na za leo. Akirudi kituoni, masaa manne na dakika ishirini baadaye, yule wa Alhamisi aliketi kwenye benchi mbele ya kaunta, akajipepea kwa kofia, akamtabasamia mtu asiyekuwepo, akasema, "Kila siku." Kisha hakuonekana tena mpaka kesho yake.

Postamasta alimpenda sana. "Haombi likizo, haumwi, hana mdomo," aliwaambia. "Na msinijie na haiwezekani, haiwezekani. Si mnamwona kwa macho yenu?"

Walimwona. Ndiyo iliyokuwa shida. Saa sita mchana ikifika kabla hujamaliza njia, barua zilizobaki zilirudi kituoni, zikaandikwa kwa jina lako. Zikirudi mara tatu, unapewa onyo kwa maandishi. Onyo la tatu, kwaheri ya kuonana.

Mshale wa leo alitembea nyuma ya mwenzake, na kila mlango alioufikia ulikuwa umekwisha kugongwa. Kwa mzee asiyeona aliikuta barua ileile imelala sakafuni.

"Siku hizi unasukuma tu," mzee alimwambia. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Si mimi, mzee. Ni..." Mshale akakwama, maana alikuwa ni yeye. Aliketi akamsomea, haraka haraka, akiruka salamu za watu wa mwisho wa ukurasa, na mzee alijua kwamba zimerukwa.

Mama Goti alipata onyo la kwanza wiki ya pili, na la pili wiki ya tano. Huyu ndiye aliyemfundisha Mshale kazi. Alimfundisha kuning'iniza mkoba nyongani badala ya begani, kuzungumza na mbwa kabla mbwa hajaanza, kumpa mtu barua yenye habari mbaya kisha kutoondoka upesi. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Hakumtukana. Kila asubuhi alimwuliza hali ya watoto, na Mshale alijibu akivitazama viatu vya dada yake huyo, kimoja kimelika upande kwa sababu ya goti. Siku moja alijitolea kumpandia zile ghorofa.

"Na kilima chako akupandie nani?" Mama Goti akasema. "Au umtume mwenzako, yule kijana wa pasi?"

Wote walicheka. Mshale naye alicheka, kwa aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama Goti hakukaa na kulalamika kwenye chai tu. Aliandika barua, kurasa tatu kwa mwandiko wa watu waliochapwa shuleni, akaomba njia ipimwe upya. Alikubaliwa. Majibu yalisema itapimwa njia ileile, kwa mpeleka barua yuleyule, na kitakachopatikana ndicho kitakachotumika kwa kituo kizima. Siku moja kabla ya kupimwa alimshika Mshale mkono mlangoni.

"Mdogo wangu, mimi sikudai kitu. Kesho tembea kama mtu ambaye kesho kutwa pia anakwenda kazini. Basi."

"Haki ya Mungu, dada. Nitatembea kama naenda kulipa deni."

"Wala usitie chumvi. Tembea tu. Nimebakiza onyo moja, na nyumba nzima inanitazama mimi."

Nyumbani mkewe alilikunjua shati, akalikung'uta, akalitundika hivyohivyo. "Pasi sipigi."

"Safari hii najijua."

"Mimi pia nakujua, mume wangu. Wewe ukisifiwa unaweza kulibeba na jengo lenyewe la posta. Ndiyo maana sipigi."

Siku ya Jumatano akaja mpimaji mpya, mama mtu mzima, viatu vya raba, saa ya kupimia imening'inia shingoni. Alitaka waanze nusu saa kabla ya wengine ili jua lisiwakute kilimani. Wakaanza. Mshale alitembea. Aliwasalimia watu akasubiri waitikie. Mwenye barua ya rejista alikwenda kutafuta miwani, akairudisha, akatafuta nyingine, na Mshale alisimama kando ya mlango akasubiri. Kwa mzee asiyeona aliketi kizingitini akasoma barua yote, pamoja na salamu za majirani wa dada mtu, mmoja mmoja, na mzee akacheka palipostahili. Mpimaji naye alikuwa akisikiliza. Saa nzima ilipokwisha walikuwa wamefika nyumba ya kumi na nane kati ya mia moja na arobaini.

"Kumbe hii ndiyo kazi yenyewe," mpimaji alisema, akiandika. "Kwa mwendo huu ni masaa saba na ushee. Nitaandika hivyo, bwana. Sijui yule wa kwanza alipima nini."

Mshale alivuta pumzi ndefu. Alimfikiria Mama Goti akilibandua lile tangazo kwa kucha zake mwenyewe.

Walikuwa chini ya kilima cha tangi la maji waliposikia viatu nyuma yao.

"Nipishe, mzee," ilisema sauti, na Mshale wa Alhamisi akawapita na shati lake la pasi, bila hata jasho kwapani.

Mpimaji alimfuata kwa macho. "Huyo nani? Anatembea vizuri."

"Ni mimi."

Akamtazama aliyesimama, akamtazama anayepanda. Usoni hakuwa na ubaya wowote. "Wa zamani?"

"Wa mwaka huuhuu."

"Eeh," mama wa watu akasema, akarudi kwenye ubao wake. "Mwili wa binadamu nao. Haukai."

Mshale alijiambia kwamba atamfikia tu. Amfikie, basi, mpaka hapo kwenye tangi, kisha atarudi kwenye mwendo wake. Alimfikia kwenye tangi. Yule akageuka, akamwona, akatabasamu tabasamu lile la kwenye benchi, akaongeza hatua. Mtu anaweza kuvumilia kupitwa na mwingine. Kupitwa na yeye mwenyewe, mbele ya mgeni, baada ya kuitwa mzee, Mshale hakuweza. Waliteremka kilima pamoja. Barua za leo na barua za Alhamisi ziliingia chini ya milango kwa pamoja. Mwenye rejista wa nyumba ya hamsini alisaini mkono ukiwa bado umejaa unga. Kwenye mtaa wa mafundi seremala Mshale alimpita, na mafundi wakapiga makofi, na hilo likammaliza kabisa. Mpimaji aliomba kupakiwa kwenye baiskeli ya muuza mkate ili asiachwe.

Mlangoni pa kituo aliibonyeza saa yake. "Masaa manne kamili," alisema. Aliirudia hesabu, akatikisa kichwa. Mle ndani, nyuma ya kioo cha kaunta, Mama Goti alikuwa amesimama na wenzake, maana habari za mbio zile ziliwafikia njiani wakakatiza kazi wakarudi, kila mmoja na barua zake ambazo hazijafika. Mpimaji alimgeukia Mshale kwa upole. "Asubuhi nilikuwa nimeandika kitu kingine kabisa. Bwana, niambie wewe mwenyewe. Huu ndio mwendo wako?"

Alikuwa na nafasi. Mtu hapewi mara nyingi. Angeweza kusema nimekimbizwa, angeweza kusema niliwaruka watu, rudi ukaiulize ile nyumba ya hamsini. Alifungua mdomo. Jasho lilimtiririka mgongoni, moyo ulimdunda, na makofi ya mafundi yalikuwa bado masikioni.

"Nikiamua," akasema.

Mpimaji aliandika.

Tangazo jipya lilibandikwa wiki iliyofuata juu ya birika. Masaa manne. Mama Goti alilisoma mara moja tu, na kwa masaa manne onyo lake la tatu halikuchukua hata wiki. Hakuna aliyemlaumu Mshale kwa maneno. Walimmiminia chai kama kawaida, wakaisogeza karibu yake, na hakuna kilichowahi kumwia kigumu kumeza kama chai ile.

Asubuhi ya mwisho Mama Goti alifika mapema, akarudisha sare iliyokunjwa, akapanga barua zake hivyohivyo, kwa mazoea. Saa moja mlango wa nyuma ulifunguka akaingia yule wa Alhamisi. Nyuma yake akaingia yule wa Jumatano, shati halina pasi, anahema, macho yanamng'aa. Wakaamkia wote wawili kwa pamoja. Wa Alhamisi alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasubiri. Wa Jumatano alikuwa mgeni, akazunguka meza akitafuta mahali pa kuuweka mkoba wake aupange upya, na mahali hapakuwepo.

Mama Goti alikichukua kikombe chake, na mto mdogo aliokuwa akiukalia, akasogea.

"Weka hapa," alisema. "Mimi naondoka."

"Ahsante, dada. Leo utaniona."

"Nimeshakuona, mdogo wangu."

Akaaga mmoja mmoja, akatoka, na goti lake likasikika kwenye ngazi za mbele, moja, ya pili, ya tatu. Mshale wa leo aliinuka. Alitaka kumbebea ule mto, kumsindikiza mpaka barabarani, labda kumwambia neno. Lakini ilikuwa saa moja na dakika mbili, wenzake wawili walikuwa wamekwisha ondoka, na yeye alikuwa na masaa manne.