Pedeli Moja kwa Mteremko wa Changsin

Bwana Cheon, muuza pikipiki kuukuu, ana kopo la rangi nyeusi, na kwa kopo hilo ameficha maovu yasiyo na idadi. Pyo Gi-seok aliligundua hilo siku ya nne tangu anunue pikipiki kwake. Alikanyaga breki ya nyuma, pedeli ikajikunja na kung'ang'ania ubavu wa injini. Haishuki, hairudi. Akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi Eom, matusi yakimtangulia.

Nyuma alikuwa amefunga mashati mia mbili. Yasipofika soko la Dongdaemun kabla ya saa kumi na moja, njia yake ya kupeleka mizigo angepewa mwingine. Mwenye karakana ya ushonaji alishamwambia hivyo, bila hata kuinua macho.

"Kaka, hii ilishaanguka," Eom alisema. "Wakanyoosha pedeli kwa bomba ikiwa baridi, wakaipaka rangi. Nikiinyoosha tena itakatika."

"Mwizi yule Cheon! Mpya unayo?"

"Moja tu. Aina hii haitengenezwi tena."

Gi-seok alikuwa ameshaishika pedeli hiyo mkononi wakati Yang Pil-sun alipoingia na pikipiki kama yake, makoti yamerundikwa nyuma hadi kumpita kichwa.

Pil-sun! Mwaka themanini na tano watu mia tatu, Gi-seok akiwa mmoja wao, walikaa kwenye lango la kiwanda cha nguo, siku ya tisa ya mgomo, midomo imepasuka kwa baridi. Pil-sun akawapita kichwa chini, akaenda kuwasha cherehani yake. Miaka arobaini wameishi mtaa huu mmoja wa Changsin, na Gi-seok hajamwitikia salamu hata siku moja.

"Breki yangu inalia," Pil-sun alimwambia fundi.

Eom alipiga magoti, akakwangua rangi ya pedeli kwa ukucha. Chini yake palikuwa na ufa uliokwisha kula nusu ya chuma. "Dada, umeinunua kwa Cheon?"

"Umejuaje?"

"Usiipande hii."

"Nitashuka kwa breki ya mbele."

"Na barafu ile ya mteremkoni? Tairi litateleza, utafika sokoni ukiwa chini ya makoti yako."

"Kwani nimeanza kupanda jana?"

"Mwache aende," Gi-seok alidakia. "Kupita watu ndiyo kazi yake."

Pil-sun aligeuka. "Mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani, kaka."

"Mama zetu wote walikuwa kitandani! Na usiniite kaka."

Pil-sun alirudi juu ya pikipiki yake. Alipiga teke, injini ikawaka. Gi-seok akajikuta amesimama mbele ya tairi, akachomoa ufunguo.

"We mzee una wazimu? Nipe!"

"Shuka! Nimekuchukia miaka arobaini, nimekuchukia kwa jasho langu mwenyewe. Halafu Cheon, mtu wa kopo la rangi, aje akuue hivi hivi tu? Shuka, nasema!"

Hakumwachia Eom kazi. Alilala kwenye sakafu ya baridi, akachomoa pini, akafungua boliti, akakitupa kile chuma chenye ufa hadi kikalia ukutani. Akapaka grisi, akaweka pedeli ile mpya na springi, akakaza huku akiwalaani Cheon, kiwanda, na wote waliokula chakula cha moto siku ile ya tisa. Akaibonyeza kwa mkono, taa ya breki ikawaka.

"Sijakusamehe," alisema akiinuka.

"Sikukuomba."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Gi-seok aliitazama pikipiki yake yenye pedeli iliyokunjika, akajua njia yake ya mizigo imekwenda. Nyuma yake akasikia kamba inafunguliwa. Pil-sun alikuwa anashusha mashati ya Gi-seok.

"Unafanya nini?"

"Duka namba ngapi?"

"Mia moja na saba. Weka chini!"

Hakuweka. Alipunguza makoti, akamwachia Eom robota moja, akayarundika mashati juu ya yaliyobaki, akafunga.

"Fundo gani hilo?" Gi-seok alifoka. "Litafunguka kabla hujafika kona ya kwanza! Hata kufunga mzigo hujui? Toka hapo!"

Akamsukuma kando, akaanza kuifunga kamba upya yeye mwenyewe.