Sigara Tano hadi kwa Mtakatifu Marina

Kijijini kwa kina Garufalia, milimani juu ya mji wa Volos, hakuna anayepima njia kwa kilomita. Kilomita ni za serikali. Sisi tunapima kwa sigara. Ukiuliza chemchemi iko wapi utaambiwa sigara moja, na kituo cha basi ni mbili, tatu ukiwa na mzigo. Hata wanawake, ambao wengi wao hawajawahi kuitia mdomoni, wanapima hivyo hivyo kwa sigara za waume zao.

Ndiyo maana siku ile Vaia alipompeleka mama yake dukani mjini kuchagua chombo cha kumtembeza, na muuzaji akauliza mama anataka chombo kimfikishe wapi, Garufalia alijibu bila kufikiri.

"Kwa Mtakatifu Marina. Sigara tano."

Muuzaji aliitwa Trifon, mtu wa makamo mwenye kipara, naye alizaliwa milimani kama sisi, kwa hiyo hakucheka. Aliuliza tu mvutaji mwenyewe alikuwa wa haraka au wa polepole.

"Polepole. Mpaka imuunguze kidole."

Trifon akapiga hesabu kichwani, akasema basi ni kama dakika arobaini za mguu, kwenda tu. Vaia akageuza uso pembeni kwa aibu. Yeye alikwishakaa mjini miaka thelathini, na mambo ya kupima dunia kwa moshi aliyaona ya kishamba.

Garufalia alikuwa na miaka sabini na sita, na nyonga zake zilikwisha kabisa. Kwa mkongojo aliweza hatua thelathini, hatua ya thelathini na moja ilikuwa ya machozi. Lakini tusidanganyane, si kutembea kulikomsumbua. Alikuwa anataka kufika mahali pamoja tu duniani. Babu wa mumewe, Zisis, alijenga kikanisa kule juu, cheupe, cha kuingia watu wanane wakibanana, na kandili yake ni ya ukoo. Kila Jumamosi jioni, kwa miaka arobaini na tisa, Zisis na Garufalia walikwenda kutia mafuta ya zeituni na kuiwasha. Kisha kifua cha Zisis kikaanza kumnyonga, na mwaka ule ule nyonga za Garufalia nazo zikagoma, wakaacha kwenda wote wawili kwa pamoja. Zisis akafa. Ni mwaka wa nne sasa. Kandili inawashwa na Asimo, jirani yao, mwanamke mwema, na Garufalia hawezi kumsamehe wema huo.

Usiku, kabla ya kulala, huwa anaitembea njia ile kitandani. Anahesabu sigara za Zisis moja baada ya nyingine, na ikiisha ya tano anajikuta mlangoni, ufunguo mkononi. Kumbukumbu ni kama pasi, ikipita mara nyingi hainyooshi nguo tu, inafuta na maua yake. Yeye hakulijua hilo.

Watoto wake watatu walichanga kununua chombo kimoja. Vaia alikwishamwambia ndani ya gari: kimoja, mama, cha pili hakuna, kwa hiyo tuchague kwa akili.

Pale dukani vilikuwepo vitatu vya kufikiria. Cha kwanza kilikuwa kiti cha betri chembamba, cha ndani ya nyumba, kinachogeuka jikoni bila kugusa meza. Hicho ndicho Vaia alichokipenda, kwa sababu mama yake alikwishaanguka jikoni mara mbili, na mara ya pili alilala sakafuni tangu asubuhi hadi Asimo alipokuja kuazima chumvi. Cha pili kilikuwa skuta nyekundu yenye usukani wa kushika kwa mikono miwili na kikapu mbele. Cha tatu kilikuwa kiti cheusi cha nje, kikubwa, chenye matairi manene, kinachoendeshwa kwa kifimbo kifupi upande wa kulia. Trifon alisema hicho ni cha watu wa milimani.

Garufalia hakukitazama mara mbili. Kiti ni kiti, alisema. Ukipita mbele ya mkahawa umekaa kwenye kiti, wale wazee wanaacha karata na kuanza kukupima jeneza kwa macho. Lakini kwenye skuta mtu ni dereva. Akaushika ule usukani kwa mikono miwili, akaachia, akaushika tena.

Trifon akamwomba aketi kwanza kwenye vyote vitatu.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema Garufalia.

"Kwa jembe hili, bibi, mkulima na achague," alijibu Trifon. "Niambie kitu kimoja tu. Hiyo njia ina kilima?"

"Haina."

Vaia akasema yeye anakumbuka kilima, tena kikubwa, karibu na kikanisa. Mama yake akamkatiza. Alikuwa mtoto, kila kitu kwake kilikuwa mlima, hata kwenye ngazi za kanisa alikuwa anabebwa.

"Marehemu alikuwa na kifua kibovu," Garufalia akamwambia Trifon, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. "Kama kungekuwa na kilima, angevutaje?"

Trifon alikikuna kipara chake. Akasema sawa, wachukue skuta, lakini wakae nayo wiki moja tu ya majaribio, na Jumatatu wamrudie na neno la mwisho.

Jumamosi, siku tatu kabla ya sikukuu ya mtakatifu, Garufalia alimpelekea Asimo salamu kwamba leo apumzike. Akavaa gauni lake jeusi la kanisani. Kikapuni akaweka chupa ya mafuta, tambi mpya za kandili, kiberiti na ufunguo. Vaia, aliyekuja kwa siku mbili, alitaka kumfuata na gari. Akakatazwa. Akapewa kazi ya kukanda unga wa pai, na simu ya mama akaitia kikapuni kwa nguvu.

Mbele ya mkahawa wazee walisimama, haki ya Mungu, walisimama wote. Mmoja akaomba abebwe kwenye kikapu.

"Kikapu ni cha mafuta, si cha magunzi," alisema Garufalia, na hakupunguza mwendo.

Sigara ya kwanza iliishia chemchemini, na hapo roho yake ilitulia kidogo, kwa maana chombo kilikwenda vizuri. Ya pili ikaishia kwenye kinu kilichobomoka. Ya tatu ilikuwa ndefu siku zote, kwa sababu Zisis alikuwa anaizima nusu ili agombane na mbwa wa mchungaji, kisha anaiwasha tena. Mbwa alikwishakufa, mchungaji vile vile. Garufalia akasimamisha skuta pale pale, akangoja kidogo kama vile ugomvi bado unaendelea, ndipo akaondoka.

Alimkosa Zisis. Hakumkosa kama watu wanavyosema makaburini, wakiwa na leso. Alimkosa kwa bega, kwa upande mzima wa kushoto alikokuwa akitembea, harufu ya tumbaku ikimjia na upepo na yeye akinung'unika, kila Jumamosi, kwamba itakuja kumuua. Ilimuua kweli. Ingekuwa hiari yake angeunusa moshi ule tena leo, auite marashi.

Sigara ya nne ikaishia kijitoni. Ya tano ikaishia kwenye mpeasi mwitu, na hapo palikuwa na kopo la kuzimia sigara. Zisis ndiye aliyelipigilia misumari mtini, maana mwezi wa saba majani ya kule ni baruti, naye aliogopa moto kuliko alivyoogopa mauti. Kopo lilikuwa limeota kutu, lakini lipo. Garufalia akalitazama, akatabasamu, akainua uso ili auone mlango mweupe.

Akaona kilima.

Kilikuwa kimesimama pale mbele yake, cha mawe yaliyopangwa na babu wa Zisis, kinapanda moja kwa moja hadi kwenye kikanisa, ambacho kilionekana kidogo kule juu. Hakikuwa kirefu. Mbuzi angekipanda huku anakula. Garufalia akakaza mwendo, skuta ikapanda kiasi cha urefu wa meza, ikalalamika, ikawasha taa nyekundu na kurudi nyuma hadi chini. Akajaribu tena, na tena. Mara ya tatu nusura impindue, naye akaacha.

Ndipo akakumbuka. Hapa kwenye mpeasi Zisis alikuwa anaizima ya tano, anaitia koponi, anaifuta mikono yake kwenye suruali, ule wa kulia mara mbili kwa sababu ulinuka. Kisha anamwambia neno moja lile lile, Jumamosi zote: "Haya, Garufo, hapa mkono una kazi nyingine." Anaushika mkono wa kushoto wa mkewe. Wanapanda. Yeye anakohoa, mke anacheka, wanasimama mara mbili kupumua, na hawaachiani mpaka mlangoni.

Kilima hakikuwahi kuhesabiwa kwa sababu hakikuwahi kuvutiwa sigara. Miaka arobaini na tisa alikuwa akiambia watu sigara tano, na kipande alichokipenda kuliko vyote hakikuwemo.

Alilia, na alilia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Alipomaliza alimpigia Vaia.

Vaia alikuja na gari mpaka kijitoni, akamalizia kwa miguu, mikono imejaa unga. "Si nilikwambia kuna ki—" alianza, kisha akauona uso wa mama yake. Akachuchumaa kando ya skuta. Garufalia alimpa chupa, tambi, kiberiti na ufunguo, akamwambia aende, jua linazama na mtakatifu hana taa. Akamwelekeza asijaze mafuta mpaka juu, na asipulize kiberiti kwa mdomo mbele ya picha takatifu.

Vaia akapanda. Garufalia akabaki chini akitazama kidirisha, hadi kilipokuwa cha manjano. Alifurahi, na wakati huo huo aliona wivu uliomchoma, wa binti yake mwenyewe. Kuona taa kutoka chini si kuiwasha.

Njia nzima ya kurudi hadi kwenye gari, akitembea kando ya skuta, Vaia alizungumza kwa upole. Alisema basi limekwisha, mama amejaribu, sasa Jumatatu wachukue kile kiti chembamba cha jikoni, na kandili ataipanga na Asimo. Garufalia akaitikia kwa kichwa kila baada ya neno. Vaia akamshukuru Mungu kwamba mama yake hatimaye amekubali uzee.

Jumatatu Trifon aliwapokea kwa kahawa. Aliitazama skuta, akaitazama michubuko ya mawe kwenye matairi ya nyuma, akaelewa.

"Kilima kilikuwepo," akasema.

"Kilikuwepo," akakubali Garufalia.

Vaia alikuwa amekwishasimama kando ya kiti chembamba, mkono juu ya mgongo wake. Mama yake akampita, tap, tap, kwa mkongojo, hatua kumi na nne, hadi kwenye kile cheusi chenye matairi manene. Vaia akasema mama, na jikoni je? Ukianguka tena?

"Jikoni kuna kuta, nitashika kuta," alisema Garufalia. "Kule hakuna kuta." Akamgeukia Trifon. "Hiki kinapanda mawe?"

"Kinapanda."

"Na hakitaki mikono miwili?"

"Wa kulia tu, bibi, kwenye kifimbo. Wa kushoto hauna kazi."

"Unayo," alisema Garufalia.

Akaketi. Akashika kifimbo kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akaulaza kwenye goti, kiganja kikitazama juu.