Behewa la Saruji na Ugomvi wa Cherehani

Wiki nzima mshonaji na dada yake walikuwa wakigombania kwa simu cherehani ya marehemu mama yao. Siku hiyo mshonaji alikuwa amepata jibu la kumfunga dada mtu mdomo.

"Sikiliza, dada. Wewe hata kifungo—"

Simu ikafa. Akapiga tena, kimya. Mtaa mzima hakuna mtandao.

"Uwii! Atadhani nimemkatia!"

Kubishana na dada mkubwa kunasameheka. Kumkatia simu ni jambo la kuitishiwa kikao cha ukoo.

Muuza vocha wa jirani akamwambia treni ya mizigo imeanguka nyuma ya maghala. Mshonaji akatoka mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni. Kweli, behewa la saruji lilikuwa limeacha reli na kulala ubavu. Hakuna aliyeumia, ila magurudumu yalikuwa yamechimba ardhi na kuikata kebo ya mawasiliano iliyofukiwa kando ya njia. Shimoni, fundi wa kebo, mweupe pepepe kwa vumbi, alikuwa akiunga nyuzi za kioo nyembamba kama nywele.

"Kaka yangu, anza na uzi wangu."

"Mama, hapa hakuna wako. Uzi mmoja unabeba simu za watu chungu nzima."

"Basi anza na huohuo."

Fundi akacheka mpaka uzi ukamponyoka. Vumbi nalo lilikuwa likimharibia kazi, kwa hiyo mshonaji akavua mtandio wake, akaukinga upepo nao. Mikono ikamfa ganzi, lakini mdomo haukupumzika: fundi alisimuliwa ugomvi wote, tangu enzi za kunyang'anyana mwanasesere.

Alasiri simu ikalia. Dada!

"Dada, naapa sikuku—"

"Hebu nimalize! Leo nimesema mpaka koo limenikauka, na wewe kimya, hukunikatiza hata kwa neno moja. Nimekata simu mwenyewe nilipochoka. Nimekaa nikawaza, kumbe mdogo wangu amekua. Cherehani chukua wewe."

Mshonaji akafungua mdomo. Akalitazama behewa. Akaufunga.

"Asante, dada yangu. Nilikuwa nakusikiliza."

Fundi akachomoza kichwa shimoni. "Mbona hukumwambia habari za treni?"

"Treni gani?" akauliza mshonaji, akijifunga mtandio wake.