Kikombe cha Mama Kwenye Mizani ya Nyama

Ilibaki siku moja nikajaribiwe kazi ya upishi kwenye mkahawa wa zahanati, na msimamizi alitaka kujua kitu kimoja tu: aagize mchicha kilo ngapi? Mimi nimefundishwa na mama, na mama hupima kwa kikombe chake cha bati, vikombe ishirini kwa sufuria moja. Kilo anazozijua yeye ni za sukari. Nikikosea hesabu chakula hakitoshi, na kazi anapewa mwingine.

Bahati nzuri mume wangu ni muuza nyama, ana mizani. Tukamwendea asubuhi, mimi na mama, na kapu la mchicha. Tukakuta foleni.

"Ngoja kwanza nimkatie mifupa fundi cherehani," mume wangu akasema.

"Kwanza mkeo," nikamwambia.

Fundi cherehani akarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa.

Nikajaza kikombe. Gramu arobaini.

"Hiyo ni hewa," mume wangu akasema. Akaongeza majani, akashindilia kwa kiganja kile kinachopasua mifupa kila siku. Gramu mia na sitini, na maji ya kijani yakamchuruzika hadi kiwikoni.

"Nimekwambia upime, sikukwambia ukamue!"

"Haba na haba hujaza kibaba," mwalimu mstaafu akachangia kutoka kwenye foleni.

"Mwalimu, umefuata maini. Nunua maini," nikamwambia.

Nilijua kikombe cha mama kinakaa katikati ya hivyo viwili, kama gramu mia hivi. Lakini kujua kwa kukisia si kujua.

"Hebu nipisheni," mama akasema.

Mume wangu akarudi nyuma mpaka akagonga paja la ng'ombe lililoning'inia. Mkwe ni mkwe. Mama akaweka majani, akabonyeza, akaweka mengine, akabonyeza tena, midomo ameikaza. Mizani ikasema hamsini.

Nikautazama mkono wake. Tangu augue mwaka jana sikuwa nimeona ulivyoisha nguvu. Na kwa hamsini, vikombe ishirini ni kilo moja. Mchicha kilo moja ukiona moto unanywea, haushibishi hata ile foleni.

"Mama, mbona kama..." mume wangu akaanza. Nikamkanyaga mguu.

"Hamsini barabara!" nikasema kwa sauti. "Kwa vikombe arobaini, kilo mbili."

"Arobaini?" mama akashangaa. "Mimi nilikufundisha ishirini."

"Watu wa zahanati wanakula sana, mama."

"Wagonjwa?" fundi cherehani akauliza. Nikamtazama, akaanza kuchagua mifupa.

Mama akaumwaga mchicha kapuni. Akaukunja mkono wake, akaukunjua, akaufutia kwenye nguo yake polepole.

"Peleka hizo kilo mbili," akasema. "Ni sawa kabisa. Ila nyumbani, kuanzia leo, kushindilia ni kazi yako."

Nikalibeba kapu. Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu anioe, alinyamaza bila kukanyagwa.

Kazi niliipata. Na nyumbani nashindilia mimi, mama amekaa kwenye stuli nyuma yangu.

"Bonyeza," huniambia. "Bado. Bonyeza, mwanangu, kwani unauonea huruma mchicha?"