Gari Lililokataliwa na Bima

Watu wa bima walisema gari la mwalimu, lililogongwa na lori, halifai kutengenezwa tena. Shemeji yake, fundi wa bodi, alicheka hadi akakohoa. "Hao wavivu tu. Niachie wiki mbili, utasahau kama liligongwa."

Mwalimu alikuwa ameshakubali moyoni litengenezwe. Kwa miaka sita gari hilo lilimfikisha shuleni bila kumtia aibu. Alisimama gereji, mkoba kwapani, huku shemeji akikwangua rangi chini ya mlango aone bati limekunjika kiasi gani.

Chini ya rangi palikuwa na puti, ile lipu ya kusawazishia bati, na chini ya puti mshono wa kuchomea uliopita gari zima, upande hadi upande. Mbele ya mshono bati lilikuwa jeupe. Nyuma yake, kijani.

"Shemeji, umeona nini?" mwalimu aliuliza.

Fundi, ambaye siku zote huongea kama cherehani, aliketi juu ya tairi. Alipapasa mshono mpaka kidole kikakuta kinundu anachokiacha kila anapomaliza kuchomea.

"Hii kazi ni yangu," alisema. "Dalali mmoja aliniletea nusu mbili za magari yaliyokufa, nikaziunga. Sikuuliza nani atalipanda."

Mwalimu alishika mlango wa nyuma.

"Hukuuliza," alisema taratibu. "Na mimi kila asubuhi nawapakia wanao hapa nyuma."