Hasara Inayokubalika

Jana mchana, ugali na mlenda vilipomshuka sawasawa, Kapaya aliota ameitwa vitani.

Ramadhani Kapaya anauza magodoro mjini Tabora. Hajawahi kushika bunduki. Hata manati utotoni ilimshinda. Lakini mtandaoni, katika kundi liitwalo Uwanja wa Mikakati, yeye ni Jenerali. Hakujipa cheo hicho. Alipewa, akakikataa kidogo kwa heshima, kisha akakipokea.

Asubuhi hiyo kundi lilikuwa likijadili vita vya nchi mbili za mbali, zinazogombea kijiji kimoja tangu masika ya mwaka juzi. Mtu mmoja akauliza mbona wanakufa wengi hivyo kwa ajili ya kijiji kisicho hata na soko.

"Hivi ni vita vya kuchoshana, ndugu," Kapaya akamwandikia. "Hapa hatuhesabu watu, tunahesabu akiba. Hasara hiyo inakubalika."

Yakamiminika madole gumba. Alikuwa bado akiyatazama Mama Sudi alipoingia dukani. Ni jirani yake, mjane, na mwanawe Sudi ni askari aliyepelekwa kulinda amani nje ya nchi.

"Baba Neema, wewe mambo haya unayaelewa. Huko aliko Sudi kukoje? Simu yake haipatikani tangu juzi."

"Usiwe na wasiwasi, Mama Sudi," alisema Kapaya bila kuinua macho. "Kitakwimu yuko salama."

Mama Sudi hakujua kitakwimu ni wapi. Alishukuru, akaenda zake. Kapaya alikula, akajinyoosha juu ya godoro la maonyesho, usingizi ukamchukua.

Mara magodoro yamejipanga yenyewe kuwa handaki, na Kapaya yumo ndani. Droni ndogo inaingia kwa mlango, inatua juu ya feni.

"Shikamoo, baba," inasema droni.

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nimetumwa nikulipue, ila betri imeniishia njiani. Naomba chaja."

Mgeni ni mgeni. Kapaya anaichomeka kwenye umeme, anaiuliza kama itakunywa maji. Inasema maji hapana, yanaiharibu.

"Wakati nangoja kujaa," inasema, "wewe nenda. Unahitajika mstari wa mbele."

Kapaya anatoka nje. Barabara ya dukani kwake haipo. Kuna uwanja mpana, na mstari uliochorwa kwa chaki, kama wa mbio za shule. Nyuma ya mstari amesimama kila mwanachama wa Uwanja wa Mikakati. Wote wameinama kidogo, wote wamenyoosha mikono kuelekeza mbele, kama watu wanaokaribishana mlangoni.

"Tangulia wewe."

"Aa, siwezi, wewe ndiye uliyetangulia kutoa maoni."

Mbele kabisa yupo Chui wa Nyika, yule ambaye kila siku huandika kwamba angekuwa yeye, mji mkuu wa adui ungeshaanguka. Kapaya hajawahi kumwona. Ni mtu mfupi, amevaa kandambili, na mgongoni amebeba mtoto mchanga.

"Ningetangulia mimi, Jenerali," anasema, "lakini ndiyo hivyo, nina mtoto."

"Hongera. Wa nani?"

"Nimemwazima."

Mtoto anamtazama Kapaya, anatikisa kichwa kwa huzuni.

Mara mstari wenyewe unasogea. Unapita chini ya miguu yao kama kamba inayovutwa, na sasa wote wako mbele bila mtu yeyote kupiga hatua.

Vita ni mabenchi. Majeshi mawili yameketi yakitazamana, askari wanajipangusa jasho, hawapigani. Upande wa pili amesimama babu mmoja na kipaza sauti, anasimulia kesi ya shamba la ukoo wao, tangu alipokufa mjomba wa baba yake. Simulizi haijafika mahakamani.

"Vita vya kuchoshana," anaeleza sajini mmoja, akimfinya Kapaya begani. "Wana silaha nzito wale. Jana alisimulia mpaka kikosi chetu kizima kikaomba kujisalimisha."

"Na sisi tuna nani?"

"Tuna wewe, Jenerali."

Kapaya anapewa kipaza sauti. Moyo unamdunda, lakini ni furaha. Siku hii ameingoja. Anaanza na ugavi. Anaingia kwenye kuzingira kwa pembeni, anafafanua akiba ya makombora, anapita kwenye tofauti ya kurudi nyuma na kurudi nyuma kimkakati. Babu wa shamba anapiga mwayo. Benchi la adui linaanza kusinzia, mmoja anamwegemea mwenzake. Benchi la kwetu nalo linasinzia. Chui wa Nyika anapiga makofi. Kapaya anapandisha sauti, na askari wanaanguka kutoka kwenye mabenchi kimyakimya, huku na huku, mpaka hakuna aliyeketi.

"Tumeshinda?" anauliza.

Anashuka kumwamsha aliye karibu. Anamtikisa. Anamtikisa tena, kwa mikono miwili.

"Basi, amkeni," anasema. "Nimemaliza."

Hawaamki.

Sasa yuko kwenye banda la mazao, na mbele yake ni mizani, ile mikubwa ya kupimia tumbaku. Mizani inakohoa.

"Nani anakubali?"

"Anakubali nini?"

"Hasara. Mmesema inakubalika. Mimi kazi yangu kupima. Kukubali hukubali mtu. Ni nani?"

Nyuma yake, Uwanja wa Mikakati wote unamwonyesha kwa vidole. Safari hii hakuna anayekaribisha mwenzake.

"Vizuri," inasema mizani. "Shika yako."

Kwenye sahani yake kuna buti moja la kijeshi, la kushoto, limejaa matope mekundu.

"Shikamoo, Baba Neema," linasema buti.

Sauti anaijua. Amesikia sauti hiyo ikiomba mpira uliorukia uani kwake, ikibadilika kwa balehe, ikimuaga siku ya safari.

"Sudi! Uko wapi?"

"Kitakwimu niko salama," linasema buti kwa utiifu. "Ila mguu ndio sijauona."

"Sema nakubali," inasema mizani. "Ni neno dogo. Asubuhi uliliandika bila hata kuketi vizuri."

Kapaya anafungua mdomo. Neno lenyewe analijua, ameliandika mara nyingi.

"Sikubali."

Minong'ono inapita nyuma yake. "Jenerali," anauliza Chui wa Nyika kwa masikitiko, "umerudi nyuma kimkakati?"

"Hapana. Nimerudi tu."

Anaingiza mkono sahanini, anashika kamba ya buti. Mizani inavuta kwake. Kapaya anazungusha kamba kwenye kiganja, anaegemeza mguu kwenye nguzo, anavuta huku akilia kama mtoto, na hajali nani anamwona. Juu ya kichwa chake kitu kinavuma.

"Baba, nimeshajaa," inasema droni. "Ahsante sana kwa chaja."

Kapaya akaamka amekaa wima juu ya godoro la maonyesho, jasho linamtiririka. Simu ilikuwa ikitetemeka. Chui wa Nyika alikuwa ameandika: "Jenerali, leo wamepoteza kikosi kizima. Unaionaje?"

Kapaya akaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto: "Walikuwa wanaitwa nani?"

Jibu likaja: "Jenerali, akaunti yako imedukuliwa?"

Hakujibu, kwa sababu Mama Sudi alikuwa mlangoni, khanga imemteleza begani, anacheka na kufuta machozi.

"Baba Neema, kapiga! Sudi kapiga sasa hivi! Mzima, ana njaa tu na manung'uniko. Eti amevuliwa kamba ya buti la kushoto akiwa amelivaa, na hajaona mtu. Nikamwambia mwanangu, kamba ya kiatu kimoja ataiba nani?"

Kapaya alitaka kumpa mkono wa pongezi. Ndipo alipogundua kwamba ngumi yake ya kulia bado imefumbwa, na kwamba kati ya vidole, juu ya nailoni safi ya godoro jipya, yalikuwa yakidondoka matope mekundu.